Chuma Bila Moto

Baba, leo nimepima chuma kwa ncha ya kijiko,
kidogo kuliko chumvi ya uji wa mgonjwa,
hata mizani ya maabara ilisita mara mbili
kabla ya kukubali kwamba kipo.

Najua utacheka.
Utailaza nyundo juu ya fuawe, hapo Gerezani,
utafuta jasho kwa kiganja chenye kovu la lile geti la Upanga,
useme: Sikudhani, chuma bila moto ni hadithi ya wasomi.

Sawa. Lakini sikiliza.

Chako hukilazimisha.
Mvukuto unahema, makaa yanaiva, nyundo inaamrisha,
kikitoka kina umbo: jiko, bawaba, nondo za dirisha.
Changu hakina umbo.
Kinaishika oksijeni, ileile inayotafuna mabati ya Kigamboni
yakawa kama biskuti iliyolowa,
kinaishika kama mkunga, kwa viganja, si kwa kucha,
kinaikabidhi,
kinarudi mikono mitupu, kinashika tena.
Mara mia, mara elfu.
Jioni kipo vilevile. Hakikuliwa. Hakidai.

Jumatatu nilikosea.
Nilikuwa na haraka ya mtu mwenye kikao saa nane.
Peroksidi, ndugu yake ile ya saluni za Sinza,
niliimwaga kama maji ya kunawa.
Chupa ikapata joto, ikakohoa.
Nilitaka harufu ya lozi, nikapata chenga nyeupe zinazometa,
asidi, kimya, isiyonukia chochote,
ileile inayolinda juisi za dukani zisichache.
Si mbaya. Ila siyo niliyoiita.
Nilikwenda kubisha hodi nyumba ya pili;
nilivyosukuma mlango,
nikajikuta nimeangukia ya tatu.

Leo nimenunua barafu kwa Mama Nkwabi, mifuko sita,
nikaiketisha chupa ndani yake kama mtoto mwenye homa.
Chuma nikakivisha mikono minne ya naitrojeni
kisije kikageuka kutu, kikakaa chini, kikaninunia.
Kisha tone.
Kungoja.
Tone.
Zambarau ikapita, kama haya usoni,
ikarudi rangi ya chai ya mkandaa.
Tone.

Saa tisa umeme ukakatika.
Kikorogeo kikanyamaza, feni ikanyamaza,
jengo zima la Kemia likaguna kwa pamoja.
Nikaishika chupa shingoni
nikaizungusha kwa kifundo cha mkono,
mwendo uleule ulionifunza nikiwa na miaka saba
navuta mvukuto wako, macho yanawasha:
*usikimbize, usilale.*
Ulidhani unanifundisha moto.

Tone la arobaini na moja, nikanusa.
Lozi!
Keki ya Idi ya shangazi Mwanahawa,
ile chupa ndogo aliyoificha nyuma ya kopo la chumvi.
Nikaacha.
Peroksidi imebaki nusu silinda, inanitazama.
Nikaacha.

Sasa sikiliza na hili, maana ndilo nililokupigia simu
na wewe ukajifanya mtandao mbovu.
Daktari wa Amana kasema damu yako imepungukiwa chuma.
Wewe! Mwenye chuma kwenye kucha, kwenye nyusi,
kwenye mashuka mama aliyoyasugua miaka arobaini bila kutakata.
Umepungukiwa.

Basi meza vile vidonge vyekundu.
Viwili kwa siku, baba, si vitano eti vifanye kazi haraka.
Na usiku, ukilala ubavu wa kushoto
na karakana imefungwa kufuli,
tia mkono kifuani.
Humo ndani hakuna makaa, hakuna nyundo,
na bado chuma kinapokea hewa,
kinaikabidhi,
kinarudi mikono mitupu.