Ukurasa wa Mwisho

Maktaba yetu ilikuwa stoo ya pareto.
Hadi leo ukifungua kamusi unapiga chafya.
Julai, Makete, umande umeganda kwenye majani,
wanaingia mikono kwapani, pua nyekundu:
Mwalimu, nisome kipi?

Mimi humtazama mtu viatu kwanza.
Eliva, aliyekuja na matope ya bondeni hadi magotini,
nilimpa cha msichana anayechora ramani ya mto.
Kakirudisha kesho yake. Mto wenyewe, anasema, hauna baridi.

Obadia Chaula alingoja wenzake watoke.
Nataka ambacho mama hafi.

Nikapekua rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Waandishi nao, jamani, wana haraka ya kuzika!
Nikapata kimoja, chembamba:
mama fundi baiskeli, mgomvi, mzima wa afya.
Ila ukurasa wa mwisho hakuna.
Pareto huua wadudu; panya haiwahusu.

Wiki mbili.
Kikarudi kinanuka moshi wa jikoni,
na nyuma, karatasi ya daftari
imeshonwa kwa uzi mweusi.
Penseli. Herufi zimelala kama ngano baada ya upepo:

*Mama akafunga mnyororo. Akanawa mikono.
Akaita, njooni, viazi vimeiva.
Tukaja wote.*

Sasa yeyote akiniuliza, nampa hicho.
Soma hadi mwisho, namwambia, usiruke.
Na ukitaka kumwona aliyeumaliza,
yupo dawati la dirishani,
lile lenye kioo kilichopasuka.
Mpishe kidogo upande wa jua.