Nusukipenyo

Marinha Grande, mji wa vioo na kalibu,
Januari, mvua ya tangu Jumapili.
Kalibu ya chupa ya siki imepasuka shingoni
na kiwanda kinataka nyingine, pacha wake, kabla ya Ijumaa.
Nikasema, rahisi. Mchoro upo.
Albano Frazão hakuwahi kutupa kitu.

Mchoro upo, kweli.
Naliona jina lake kwenye skrini, mwaka tisini na saba,
uzito wake, hata saa aliyoufunga:
saa tano na dakika kumi na mbili usiku.
Nabonyeza. Kompyuta inaniuliza mimi ni nani.

Programu iliyouchora ilinunuliwa na kampuni,
kampuni ikamezwa na kampuni,
na huyo mmezaji wa mwisho, nilipompigia simu,
alinijibu kwa adabu iliyorekodiwa,
kisha kwa kijana aliyesema: umbizo hilo hatulitambui.
Hamlitambui! Ninyi mliolirithi pamoja na majengo,
mkapokea ada yake miaka tisa?
Akaniomba niikadirie huduma yake, moja hadi tano.

Nikaenda kwa Deolinda, mjane.
Akatoa kikapu cha sindano,
na humo, kati ya vifungo na kastabani,
kidude cha plastiki ya kijivu, meno ishirini na tano:
ufunguo wa leseni.
"Nilidhani ni kipande cha redio," akasema.
Nikaushika kiganjani,
ufunguo mzima, bila doa la kutu,
na karakana nzima haina tena mashine yenye tundu lake.

Fundi anakesha, anapima, anafuta, anapima tena,
halafu kazi yake inalala katika sanduku la mtu mwingine
kwa kodi ya mwaka.
Sikulifikiria hilo ujanani.
Niliona rangi nzuri, nikasaini.

Aliyetuokoa ni bahili.
Hermínio Quaresma, mwenye siki,
mtu wa kuhesabu njiti za kiberiti,
aligoma kununua programu
ya kutazamia kitu alichokwisha kukilipia.
"Nileteeni kwa maandishi yasomekayo na kila mtu,
sinunui miwani yenu ili nisome risiti yangu!"
Albano akanung'unika, akamtolea nakala kwa umbizo la wazi,
nakala ikaingia diskini, diski ndani ya bahasha,
bahasha ndani ya jalada la madeni,
na jalada la madeni, kwa bahili, ni msahafu.
Binti yake alilipata kwa dakika nne.

Niliifungua kwa programu ya kuandikia barua.
Tarakimu tupu, safu kwa safu, kama orodha ya dukani:
mstari, anzia hapa, ishia pale;
tao, kitovu chake, nusukipenyo chake.
Ningeweza kuichora kwa rula na penseli.
Nikiwa bado nasoma, shingo ya chupa ikaanza kuniotea kichwani.

Nisidanganye: si vyote vilivyofika.
Nakala imebeba ukuta, haikumbeba fundi,
alianzia wapi, alighairi nini, kwa nini.
Kwenye ukingo wa mshikio palikuwa na tao dogo,
milimita mbili nukta tano,
kioo hakilihitaji, chuma hakilihitaji,
linaongeza saa nzima ya mashine.
Nilitaka kulifuta. Nikampigia Deolinda kwanza, sijui kwa nini.

Kimya. Kisha:
"Hilo ni la kidole changu.
Nilikuwa napaka kalibu mafuta, zamu ya usiku,
ukingo ukanichana hadi mfupa.
Alinifunga kitambaa, akarudi ofisini usiku ule ule."

Saa tano na dakika kumi na mbili.

Alhamisi mashine ilikata chuma, tao likiwamo.
Nami chini ya tarakimu zake, mahali pa maelezo,
nimechapa mstari mmoja kwa herufi za kawaida,
usiodai ufunguo wala ada:
mviringo huu ni wa kidole cha Deolinda. Usifute.