Swali la Saba

Dodoso, ukurasa wa pili, swali la saba:
Mwanafunzi amejifunza nini
kutokana na bustani ya shule?
Nafasi ya jibu ni mistari miwili.
Nimetoka nazo Tabora mjini kwa pikipiki,
karatasi sitini ndani ya mfuko wa nailoni,
na vumbi la Urambo limeingia hadi kwenye kalamu.

Mwalimu Lubinza amewapanga darasa la sita
kando ya matuta, wafupi mbele,
nao wanajibu kabla sijauliza:
Samadi hurutubisha udongo!
Samadi hutunza unyevu!
Sauti moja, ile ile ya saba mara nane.
Naweka alama ya vema. Ndivyo inavyoitwa,
vema, hata mkono ukisitasita.

Kisha karatasi zinarudi, na Mihayo ameandika:
Nimejifunza kuwahi shule.
Mwalimu anakohoa, anaitazama ndoo.
Hapa anayechelewa huteka maji kisimani,
safari kumi na mbili, ndipo aingie darasani,
na kwao Mihayo ni mbali, ng'ambo ya mbuga.
Tuta lake la mchicha
ndilo la kijani kuliko yote.
Nifanye nini na hilo? Niliandike upande gani,
mafanikio au changamoto?

Sizya amepata kumi kwa kumi.
Tuta lake ni ndago tupu.
"Wiki tatu nilikuwa porini na baba," anasema,
vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku.
Ananieleza, bila kuulizwa,
jinsi jani lililokomaa linavyolia likivunjwa,
na jinsi bani linavyonuka ukizidisha kuni
saa tisa za usiku, baba akiwa amesinzia.
Mradi haukumfundisha hayo. Hayana kisanduku.
Nageuza karatasi, nayaandika mgongoni.

Kalunde hakuandika kitu.
Anachora duara kwa kidole cha mguu, ananong'ona:
"Kunde zangu nilizifukua kila asubuhi
nione zimefika wapi.
Siku ya nne zikaoza.
Nikapanda nyingine, nikaikalia mikono yangu."
"Kwa siku ngapi?"
"Mpaka zilipochoka kujificha."

Maelekezo yanasema: tembelea kaya moja.
Kwao Kalunde, michembe ya mwisho inachemka chunguni.
Mama yake anacheka mpaka anashika kiuno:
"Huyu! Kaja na kamba ya katani
ananipimia shamba, mimi niliyemzaa na jembe mkononi!
Nikamwachia mstari mmoja, apate kunyamaza."
Tunakwenda kuuona. Mahindi yako magotini,
ya mama na ya mtoto, siwezi kuyatofautisha,
isipokuwa ya mtoto yamenyooka.
"Yatazaa zaidi?" nauliza, kalamu tayari.
"Njoo Mei," anasema mama.

Ripoti inatakiwa Ijumaa.

Nikipanda pikipiki, Kalunde ananitia kiganjani
kunde tano, kazifunga kwa kipande cha daftari.
Haagi. Anasema tu, "Usifukue."

Sasa ni Alhamisi usiku, umeme umekatika,
naandika kwa tochi ya simu:
asilimia themanini na mbili ya wanafunzi
wameonyesha uelewa wa kuridhisha.
Dirishani liko kopo la rangi, limejaa udongo
niliouchota nyuma ya ofisi.
Leo ni siku ya tatu.
Kidole kimeshazama hadi kwenye kifundo
ndipo nashtuka, nakichomoa,
nakifuta pembeni mwa ripoti.