Kilo kwa Milimita

Sleyum wa Kijangwani kanipigia simu mara tatu:
"Chukua za kumi, dada. Gumu ndiyo mashindano.
Gari ikilala kwenye kona, aibu yako."
Akanishushia kwa meli ya asubuhi
seti nzima ndani ya gunia la sukari:
shokapu za manjano, kila moja na springi yake mwilini,
na ringi ya meno chini, ya kupandishia na kushushia.
Mkono wa pili, kontena la Japani.
Chumvi imeshaionja rangi.

Mie sikukataa. Wala sikukubali.
Nilikwenda uwanjani na kandambili,
lami ile ya nyuma ya maghala, hapa Wete,
nikalitembea duara zima kama aliyeangusha hereni.
Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, mchanga.
Ya tatu, mkungu umepitisha mzizi chini ya lami:
matuta matatu yamefuatana, vifundo vya ngumi.
Nikachutama, nikayapima kwa dole gumba.
Hapa ndipo gari ya shemeji Khelef iliporuka mwaka jana,
ngumu kama kitanda cha dahalia,
mipira hewani,
usukani ukizungumza na mtu asiyekuwepo.

Kumi, maana yake hii:
ukitaka springi ishuke kimo cha kichwa cha karafuu,
milimita nne tu,
itwishe kilo arubaini.
Na tuta halingoji uhesabu.

Bi Zuwena, karani, anazo funguo za kituo.
Msimu umekwisha; mizani nne zimelala chini ya turubai,
bado zinanukia. Nikamweleza shida yangu.
Alicheka hadi ushungi ukamshuka.
"Nimepima mbichi, nimepima kavu, nimepima makonyo,
nimempima na mtoto wa Time, kliniki ilipofungwa.
Gari, bado."

Machano akapiga jeki. Kila mpira na mizani yake.
"Panda," kaniambia.
"Nipande wapi?"
"Kitini kwako. Gari bila wewe ni uongo."
Nikapanda, helmeti nimeipakata,
na Bi Zuwena, kwa sauti ileile ya msimu, akasoma:
mbele kulia, mia mbili sitini na nane;
mbele kushoto, mia mbili hamsini na moja;
nyuma, mia sitini na mbili, mia sitini na saba.
Machano akaandika kwa chaki juu ya boneti.
Kumbe miaka yote hii
mguu mmoja wa gari ulinibeba kuliko wenziwe
na mie sikuwahi kuuuliza hali.

Kisha springi yenyewe. Tukaisimamisha juu ya mizani,
juu yake ubao, juu ya ubao jeki,
juu ya jeki boriti ya ghala.
Machano akakandamiza: milimita kumi, kwa rula ya skuli.
Ubavuni imeandikwa kumi; tulitaraji mia.
Mshale ukasimama sitini na tisa.
"Tena."
Sitini na nane.
"Chuma hakilegei hivi," kasema Machano.
"Hii namba kaiandika mtu, na brashi."
Bi Zuwena akakunja mikono:
"Mizani haina shemeji."

Za nyuma zilijiita nane. Hazikufika tano.

Nikampigia Sleyum. Kimya kirefu, kisha:
"Basi nirejeshee."
Sikurejesha. Nilichokuwa nakitafuta
kilikuja kimejificha
nyuma ya jina la nisichokitaka.
Nilimlipa bei ya saba. Akaguna, akapokea.

Jumamosi, kona ya tatu, gia ya pili:
tuta, mpira ukapanda,
tuta, ukashuka,
tuta, ukairudia lami
kama ulimi unavyolirudia jino lililong'oka.
Khelef kasimama kando na soda yake.
"Umefunga kumi?"
"Soma boneti."

Kuna mlio nyuma kushoto, mdogo, wa chuma na chuma.
Kesho ringi nusu mzunguko.
Nione.