Kesho ya Mama

Nguo ya kuazima, mama amezoea kusema
pini zikiwa kwenye kona ya mdomo,
haisitiri matako.
Nami nikaamini. Kwa hiyo kalenda
niliishona mwenyewe, kwa mkono,
kwenye kompyuta ya mtumba iliyong'oka herufi N,
pale Mabibo, nyuma ya cherehani.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa kazi ndogo:
mteja aingize siku aliyoleta kitambaa,
umtajie siku ya kuja kuchukua.
Nikahesabu miezi kwa vifundo vya ngumi,
kifundo thelathini na moja, bonde thelathini,
Februari nikaiachia nafasi, nitairudia.
Mistari mia mbili na kumi na moja.
Mama Chausiku alileta kitenge siku ya mwisho ya mwaka.
Njoo, ukurasa ukamwambia,
tarehe thelathini na nne Desemba.

Mama alicheka hadi pini zikamwagika.
"Miaka ishirini ya ufundi,
nimeahidi watu kesho, keshokutwa, mtondo.
Hiyo sijawahi."

Tusekile, anayetufundisha jioni kule Sayansi,
chumba cha juu, feni moja, watu tisa,
hakucheka. Alifuta mistari yangu
kama anayekung'uta makombo mkekani.
Andika "mpya", akasema. Kisha jina: Tarehe.
Kisha mabano mawili, usiweke kitu ndani.
Nikayaandika. Yakasimama matupu
kama viganja vya mtu kwenye dua,
na jibu likashuka: mwaka, siku, saa, dakika,
hadi vipande vya nukta nisivyovihitaji.
"Kimo humu tangu zamani, kimekuja na lugha.
Kuna na Hesabu. Kuna na Orodha.
Hukopi. Unaita."

Nikaita.
Mistari mia mbili ikawa sita.
Februari niliyoikimbia ilikuwa imo,
hata ile ndefu ya kila miaka minne.
Nilirudi kwa miguu hadi Shekilango
mikono mfukoni, nikivionea haya vifundo vyangu.

Lakini kitu hicho hakikuzaliwa Mabibo.
Januari yote kiliita mwezi wa sifuri.
Jumamosi, ambayo jina lake tu linatangaza mosi,
kwake ni ya sita.
Na saa saba mchana, bati likilia kwa jua,
ukurasa ulisema kumi na tatu,
wateja wakaniuliza saa gani hiyo, na ya wapi.
Nikatoa sita. Ikakaa.
Nikalala.

Alfajiri, kumi na moja, umeme ulirudi,
kioo kikawaka chenyewe gizani
kikaandika: saa hasi moja.

Saa hasi moja.
Niliikodolea macho. Saa iliyo nyuma ya saa zote,
na mama yuko ndani yake, ameshaamka,
anapiga pasi sare za watoto wa watu.
"Nini tena?"
Nikamwonyesha. Akaitazama
kama anavyotazama koti la mtumba,
mishono ya ndani kwanza.
"Mabega yamekaa," akasema. "Mikono mirefu.
Kunja pindo, basi."

Nikakunja: toa sita, ongeza kumi na mbili,
gawa kwa kumi na mbili, chukua baki,
na baki ikiwa sifuri, soma kumi na mbili.

Alhamisi Mama Chausiku alikuja
siku ile ile, saa nne kamili, kama alivyoandikiwa,
simu mkononi kama hati ya mahakama.
Gauni lilikuwa limening'inia ukutani.
Halikuwa na mikono.
"Njoo kesho," mama akasema, bila kuinua uso.

Usiku nikapekua maktaba nzima,
jina kwa jina, mabano kwa mabano.
Kesho imo: unaongeza moja.
Kesho ya mama haimo.
Hiyo bado naiandika kwa mkono.