Mtahini wa Nje

Kwa miaka kumi na mmoja nimemtunga Bwana X.
Alianza biashara tarehe mosi Januari,
taslimu milioni mbili, samani laki nne,
na kufikia swali la nne, kipengele cha mwisho,
mizania yake ilikuwa imekaa sawa
kulia na kushoto, kama masikio.

Bwana X hakuwahi kuuguliwa na mtoto.
Hakukopesha sukari. Hakuwa na shemeji
wa kupita dukani magharibi na kusema "nitakuja".
Na wanafunzi wangu, mia mbili na kumi na wawili,
viti mita moja na nusu, namba badala ya majina,
walimfungia hesabu kwa saa tatu
huku upepo wa Julai ukisukuma vumbi la Dodoma chini ya mlango
na viatu vya msimamizi vikihesabu sakafu.
Walimsahau kabla ya kufika kantini.

Mwaka huu nikaomba nimzike.

Nikaandika idarani: kila mwanafunzi apewe mtu.
Mtu mwenye genge, cherehani, shamba la zabibu.
Akae naye wiki sita, amfungie hesabu,
kisha amsomee, kwa lugha ya kibarazani,
mpaka mwenye mali aseme: hapo nimekuelewa.

Kikao kilikuwa Jumatano. Feni haikuzunguka.
"Wakinakiliana?" akauliza Dokta Mwaluko.
Nikasema, watanakili nini? Deni la Majengo
halifanani na deni la Ihumwa.
"Na mtahini wa nje?"
Nikasema, huyo yuko nje hasa.
Amekaa Mpunguzi, anachambua mlenda.
Wakacheka wawili. Katibu hakuandika.
Wakanipa asilimia arobaini.
Sitini zikabaki kwa marehemu.

Byabato, kijana wa Muleba,
ambaye Kigogo chake kiliishia kwenye "mbukwa",
aliangukia kwa Bi Mbeleje Chilongani,
ekari moja na robo ya mizabibu.
Siku ya kusomewa nilikwenda, nikakalia kreti nyuma yao.
Alisoma vizuri. Kreti tisini na tatu, dawa, maji,
nauli ya kwenda mjini, na ile ya kurudi bila kuuza.
Akafika kwa wadaiwa.
"Hawa watatu tuwafute," akasema.
"Deni lisilolipika hufutwa, ndivyo tulivyofundishwa."
Akanitazama. Mfundishaji ni mimi.

Bi Mbeleje akaweka ungo chini.
"Huyu wa kwanza ni mkwe wangu.
Wa pili alinizikia mume, akaleta gunia la uwele
bila mtu kumwomba. Mbona hilo silisikii humo?
Wa tatu, sawa. Mfute. Yule ni mwizi."

Kuku akapita juu ya daftari.
Byabato akachukua rula, akapiga mstari mwekundu,
akafungua safu isiyokuwemo katika kitabu chochote,
na juu yake akaandika: BADO.

Sasa ni usiku, umeme umerudi Makulu.
Karatasi yake ina alama ya kidole, ute wa mlenda,
na mwongozo wangu wa kusahihisha hauna kifungu cha bado.
Nimempa thelathini na tano, nimezifuta.
Nimempa ishirini na nane. Alikosea jumla ya Machi,
tena huruma si uhasibu.
Nazo nimezifuta.

Yupo pia mmoja aliyebuni mtu wake:
fundi saa wa Ntyuka, hana jina la pili,
mizania imekaa kama masikio.
Nilimtambua papo hapo.
Nimemlea mwenyewe miaka kumi na mmoja.

Saa nne kasoro simu ikatetemeka mezani.
"Mwalimu, yule kijana wako amefaulu.
Ila ameondoka na kalamu yangu. Andika."

Nikavuta karatasi ya Byabato,
nikatafuta ile safu nyekundu,
nikaandika.