Moja kwa Kumi na Mbili

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana ya nyuma ya soko la Mpwapwa.
Kusifu watu sijui. Najua chuma.
Lakini mmeniuliza habari za Damari Chidawali,
basi geuzeni ile ndoo, mkae.

Nilimjua akiwa nesi.
Gauni jeupe, saa inaning'inia kifuani kichwa chini,
sauti inafika getini kabla yake.
Mke wangu Loisi alikwenda kliniki na mimba ya miezi saba,
akitambaa, viganja ndani ya kandambili,
miguu ikimfuata nyuma kama watoto wasiotaka shule.
Kitanda cha kupimia kilisimama juu yake kama ukuta.
Damari akasema mbele ya foleni nzima:
"Na wewe? Nani kakufanyia ukatili huu?"
Watu wakacheka. Loisi naye akacheka,
maana ukiishi chini unajifunza kucheka mapema.
Hakurudi tena kliniki.
Alijifungulia nyumbani, juu ya magunia ya karanga.
Mtoto tulimzika siku ya tatu.

Sisemi ni kwa sababu ya lile neno.
Sisemi siyo.

Mwaka wa mvua nyingi Damari alipanda pikipiki
na kisanduku cha chanjo, kwenda Gulwe.
Korongo lililokuwa mchanga asubuhi
lilishuka mchana na miti, na mbuzi wa watu.
Walimkuta amekikumbatia kile kisanduku.
Barafu haijayeyuka. Kilichokatika ni uti wa mgongo.

Miezi minane, wodi ileile.
Mlango wa choo una sentimita hamsini na nane,
kiti chake sitini na nne.
"Hizo sita," husema, "ndizo zilizonitia kwenye siasa."

Alipotoka hakwenda kanisani kushukuru.
Alikuja hapa, mpwa wake akimsukuma
katika vumbi la Septemba, lile la kutafuna.
"Mbukwa," akasema. Sikumjibu.
Akamwomba Loisi wazungumze.
Nikawasha mashine nisisikie,
nikachoma kipande ambacho hakikuhitaji kuchomwa.
Nilipozima, walikuwa wanachambua mlenda pamoja,
macho mekundu wote wawili; labda moshi wangu.
Alichoambiwa, Loisi hajanieleza mpaka leo.

Wakaanza kuzunguka vijiji, na daftari la kliniki.
Wakaandika watoto waliofichwa nyuma ya vihenge vya uwele,
mmoja amefungwa kamba kiunoni "asije akaungua."
Watu wakasema, nesi amechanganyikiwa.
Halafu wakampigia kura.

Siku ya kuapishwa udiwani, ukumbi una ngazi tano.
Vijana wanne wakakunja mikono wambebe.
"Mimi si gunia la alizeti."
Akabaki juani. Ndani, feni zikazunguka.
Saa saba madiwani walishuka wenyewe na viti vyao,
akala kiapo kwenye maegesho, kati ya magari mawili.

Jioni akaniita nipime njia ya kiti.
Kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda.
Mhandisi akataka tufupishe, chuma ghali.
Damari akamwazima kiti, akamwekea ubao mfupi:
"Panda."
Akafika katikati, akarudi kinyumenyume hadi kwenye maua.

Sasa ni mbunge, yuko Dodoma mjini.
Redioni nasikia anaambiwa muda umekwisha
naye bado anasema: vitanda vishuke, vitanda vishuke.
Mimi ananidai heshima; mimi namdai elfu arobaini
za reli ya mkono. Sijaenda kuzidai.

Hapa kwetu vimeshushwa viwili.
Miguu yake niliikata mimi, kwa msumeno huu.
Vipande vinane, kila kimoja shubiri moja na nusu.
Nilitaka kuviuza chakavu, Loisi akaviomba.
Amevisimika nyuma ya nyumba, kuzunguka mahali padogo.
Mvua ikinyesha vinapata kutu.
Anatambaa kwenda kuvipiga msasa.